Nilikopa Sita, Narudisha Vitano

Oiva, zima injini ya hilo basi lako la maktaba,
theluji haitalikimbia.
Nilikopa sita, narudisha vitano. Usihesabu kwanza.
Hiki cha juu kina doa ukurasa wa tisini,
ni langu, sikatai:
nilicheka hadi chai ikanitokea puani.

Nianze na huyu mwoka mikate.
Mbona siku hizi kila mwanamke anayeachwa
hurithi duka la mikate kando ya bahari?
Mimi shangazi yangu alipokufa nilirithi
cherehani bovu na paka mwenye kisukari.
Tena anaoka saa ngapi? Sijamwona akiamka alfajiri.
Unga haumgusi ila kwenye ncha ya pua,
palepale pa kufutwa na kidole cha seremala.
Na seremala naye! Mabega kama mlango wa ghala,
hana mdai, hana kiuno kinachomuuma,
hajapigiwa simu na mama yake wakati wa kula.
Nyota mbili. Ya pili ni ya mbwa.

Cha kijani, wanajifanya wachumba
ili kumkomoa mtu harusini.
Hoteli imejaa. Chumba kimoja. Kitanda kimoja.
Oiva, miaka thelathini na mmoja
nimepeleka barua hoteli zote za huku kaskazini,
sijaona iliyokosa kitanda cha kukunja.
Lakini nilikesha nacho.
Anayenidanganya kwa ufundi simwiti mwongo,
namwita fundi.

Kisha ule ugomvi wa sura ya ishirini, unaujua:
kasikia nusu ya maneno mlangoni,
kafunga begi, kapanda ndege.
Swali moja lingetosha: "Ulimaanisha nini?"
Ila wangeulizana, kitabu kingeisha ukurasa wa mia,
nami Februari yote ningeifanyia nini?

Hiki cha ajuza na mwalimu wa dansi
nimekisoma polepole,
kama mtu anayekwangua jamu ya beri za kinamasini
chini ya chupa.
Hakuna aliyemwonea huruma.
Hakuna mjukuu aliyepata funzo.
Alitaka kubusiwa, akabusiwa,
jikoni, soksi zake hazilingani.
Usikipeleke kijiji cha pili kabla sijakinunua changu.

Wifi yangu Sylvi huviita vitabu vya peremende.
Yeye husoma vya tuzo,
ng'ombe anakufa sura ya kwanza, baba sura ya pili.
Asome tu.
Mimi nimebeba barua za msiba,
nilizijua mkononi kabla ya kugonga mlango.
Anayedhani sijui kilio
na aje alibebe lile begi.

Na hiki cha uwanja wa ndege.
Mwanamume anakimbia, anaruka vizuizi,
anatangaza penzi lake mbele ya walinzi na mizigo.
Reino wangu hakukimbia popote, goti lilikataa.
"Nakupenda" aliitunza kama pesa ya kigeni,
droo ya chini, akingoja bei ipande.
Lakini nyuzi thelathini chini ya sifuri,
saa kumi za usiku,
alitoka na nguo za kulalia na mabuti,
akachomeka waya wa gari langu la posta kwenye umeme
ili injini ipate joto kabla sijaamka.
Akirudi kitandani miguu yake ilikuwa barafu
na aliniwekea makusudi.
Gari niliuza. Waya ungali ukutani.
Hilo la waya sijaona akiliandika mtu,
labda kwa sababu halina mbio.

Nyota nne, lakini. Alikimbia vizuri.

Cha sita kimebaki nyumbani.
Kurasa kumi na nne, najua kila kitakachotokea,
ndiyo maana nazibania.
Niandikie wiki mbili zaidi.
Na hicho cha rafu ya chini, jalada la waridi,
mwanamke kashika kikapu,
kinahusu nini?
Duka la mikate?

Haya, lete.